Kutembea na mbwa kwenye Ukuta wa Hadrian: mwongozo kamili, Steel Rigg mpaka Housesteads

Kama upo Uingereza na una mbwa, na umechoka kuzunguka naye bustani ileile kila wikendi, basi kuna safari moja huku kaskazini, Northumberland, ambayo mimi nshaifanya mara nyingi na bado sijachoka. Unatembea juu ya majabali pembeni ya ukuta waliojenga Warumi, unapita magofu ya vijingome, unamalizia kwenye ngome nzima ambayo mbwa anaruhusiwa kuingia. Ni kama kilomita 5 kwenda tu, ukirudi kwa miguu ni 10 na kitu.

Ila niseme mapema kabisa, maana watu wanakuja na mawazo ya kumwachia mbwa akimbie huru kwenye majani: hapana. Hii ni safari ya kamba mwanzo mwisho. Ukuta uko katikati ya mashamba ya watu, kondoo wako kila mahali, na upande wa kaskazini kuna maporomoko yanayokwenda chini moja kwa moja. Magofu yamekaa pale karibu miaka 1,900, hayana haraka, cha kuhangaikia ni kondoo. Kama mbwa wako hajui kutembea kwenye kamba bila kukuvuta mabega, mfundishe kwanza hilo, halafu ndo uje.

Kabla hujatoka nyumbani

Muulize mbwa wako maswali mawili: miguu inaweza? na ngazi anapanda? Maana hapa si tambarare. Ni panda shuka panda shuka, na sehemu kadhaa ni ngazi za mawe zenye mwinuko mkali kiasi kwamba hata wewe mtu mzima utashika magoti. Mtoto wa mbwa ambaye mifupa bado haijakomaa, au mzee mwenye maumivu ya viungo, mwache, au mchukue umpeleke ngomeni tu moja kwa moja kwa gari, kuna paking pale Housesteads chini barabarani, unapanda kilima kidogo umefika. Na wale wenye miguu mifupi wanaweza, nimewaona, ila kuna mahali utambeba, jipange.

Kola iwe na kibati chenye jina lako na anwani, hilo ni sheria Uingereza mbwa akiwa nje hadharani, na chipu (kidude cha utambulisho kinachowekwa chini ya ngozi ya mbwa) pia ni lazima tangu 2016. Watu wengi chipu wanayo ila namba ya simu iliyosajiliwa ni ya zamani, ya laini waliyotupa miaka mitatu iliyopita, sasa mbwa akipotea huko porini atapatikanaje? Dakika tano tu, ingia ubadilishe.

Hanesi, yaani mikanda ya kumvalisha mbwa kifuani na mgongoni, ni nzuri kuliko kola kwa safari hii, kwa sababu kwenye ngazi mbwa akiteleza unamshika mwili mzima, humnyongi shingo. Kamba iwe fupi na imara. Zile kamba za kujivuta zenyewe, zinazorefuka mita tano au nane, ziache nyumbani, nakuomba. Upepo unapiga, mbwa kaona sungura, kamba imekwenda mita zote hizo na poromoko liko mita tatu kutoka hapo. Hesabu mwenyewe.

Begani beba maji ya mbwa na bakuli la kukunja, mifuko ya kinyesi (beba mingi kuliko unayodhani), taulo la zamani, kidude cha plastiki cha kung'olea kupe, bandeji ya kufunga mguu endapo atajikata, na vitafunio vyake. Vitafunio vyako vichunguze: zabibu kavu na chokoleti ni sumu kwa mbwa, na ile michanganyiko ya karanga ya wapanda milima mara nyingi ina zabibu ndani. Dawa zako za maumivu kama ibuprofen pia asiziguse, begi lifungwe zipu. Wewe vaa viatu vyenye meno chini na koti la mvua hata kama jua linawaka asubuhi. Juu kule hali ya hewa haina adabu.

Msimu

Mimi napenda Septemba na mwanzo wa Oktoba. Wanakondoo wameshakua, watu wamepungua, joto si kali. Machi mpaka Mei ni msimu wa kondoo kuzaa, na hapa nitakaa kidogo maana ndo pengine watu wanakosea zaidi.

Kondoo mwenye mimba akikimbizwa anaweza kuharibu mimba bila hata kung'atwa, hofu na mbio tu zinatosha. Mwanakondoo akitenganishwa na mama yake usiku wa baridi anaweza kufa. Kwa hiyo "mbwa wangu alikuwa anacheza tu" haina maana yoyote kwa mkulima. Sheria ya 1953 inamfanya mwenye mbwa awe na kosa mbwa wake akisumbua mifugo kwenye shamba, na kwenye uwanja wenye kondoo hata kumwacha tu bila kamba na bila kumdhibiti kwa karibu kunahesabika kuwa ni kuwasumbua. Na sheria ya 1971 inampa mkulima utetezi mahakamani akimpiga risasi mbwa anayeshambulia mifugo wake, kukiwa hakuna njia nyingine ya kumzuia na akatoa taarifa polisi ndani ya saa 48. Yaani mbwa wako anaweza kuuawa na sheria ikawa upande wa aliyemuua. Soma tena sentensi hiyo.

Halafu kuna jambo la ndege. Kwenye maeneo ya wazi ambayo umma umeruhusiwa kutembea, kuanzia tarehe 1 Machi hadi 31 Julai kamba inatakiwa isizidi mita 2, kwa sababu kuna ndege wanaotaga chini kwenye nyasi, na ukiwa karibu na mifugo ni hivyohivyo mwaka mzima. Mimi nimerahisisha maisha: mita 2, kila siku, kila mahali. Sina haja ya kukumbuka kalenda.

Kufika

Kwa gari unafuata barabara ya B6318, wenyeji wanaiita Military Road, ilijengwa miaka ya 1750 baada ya uasi wa 1745 ili jeshi lipite haraka kati ya Newcastle na Carlisle, na sehemu kubwa waliijenga juu ya Ukuta wenyewe, mawe ya Mrumi wakayaponda yakawa barabara. Kwa hiyo ukiwa unaendesha kwenye baadhi ya vipande unaendesha juu ya Ukuta. Inauma kidogo ukiwaza. Unafika kijiji kidogo cha Once Brewed, kuna kituo cha wageni kinaitwa The Sill, kilifunguliwa 2017, vyoo vipo, chai ipo, ramani zipo. Unaweza kuegesha hapo au upande juu mpaka paking ya Steel Rigg, zote za kulipia na Steel Rigg inajaa mapema siku za jua.

Bila gari pia inawezekana. Treni ya Newcastle–Carlisle inasimama Hexham na Haltwhistle, na kwenye treni za Uingereza mbwa anapanda bure, abiria mmoja anaruhusiwa mbwa wawili. Kutoka stesheni kuna basi linaitwa AD122, ndio, wamelipa namba ya mwaka ambao Ukuta ulianza kujengwa, nimelipenda hilo. Linafanya kazi msimu wa wageni, si baridi kali, kwa hiyo angalia ratiba kwanza. Kwenye mabasi kumpokea mbwa ni uamuzi wa dereva, na mimi nshawahi kuachwa kituoni sehemu nyingine kabisa kwa sababu mbwa wangu Bosi alikuwa ametapakaa tope mpaka masikioni. Dereva hakuwa na kosa. Tangu hapo taulo halitoki begini.

Sasa tutembee

Ukitokea The Sill unavuka barabara (magari yanakimbia hapo, barabara imenyooka kama rula) unapanda njia ndogo mpaka Steel Rigg. Ukifika juu, simama. Mbele yako utaona Ukuta unakimbia juu ya majabali kama mgongo wa mjusi mkubwa aliyelala, na chini kushoto ziwa. Mwamba huo ni doleraiti, unaitwa Whin Sill, uji wa moto uliopenya kati ya matabaka ya miamba ukapoa zaidi ya miaka milioni 290 iliyopita. Warumi hawakuwa wajinga, wakaona mungu ameshawajengea nusu ya kazi, wakaweka ukuta juu yake.

Elekea mashariki. Unaingia geti, unateremka bondeni, halafu unakutana na ngazi za Peel Crags, hizo ndo za kwanza na pengine mbaya kuliko zote, bora zije miguu ikiwa mipya. Mbwa apande upande wa ukutani, wewe uwe upande wa nje. Usimkaze kamba akiwa anapanda, mwache achague mahali pa kuweka miguu, shika tu mpini wa hanesi. Kukiwa na mvua mawe hayo ni sabuni. Mwenzio akitokea juu anashuka, subiri pembeni, si mahali pa kupishana na mbwa wawili wanaotaka kusalimiana kwa kunusana.

Ukishamaliza hapo umemaliza kipimo. Unatembea na Ukuta kiunoni, unashuka tena kwa ngazi mpaka Castle Nick, kijingome cha maili namba 39. Hapa mawe yamepangika vizuri unaona vyumba. Mpango wao ulikuwa hivi: kila maili moja ya Kirumi kijingome chenye lango, na kati ya kijingome na kijingome minara miwili ya ulinzi, maili 80 za Kirumi, kilomita 117 za sasa, kutoka Wallsend mashariki hadi Bowness-on-Solway magharibi. Mfalme Hadrian alikuja Britania mwaka 122 ujenzi ukaanza, na waliobeba mawe ni wanajeshi wenyewe, vikosi vikubwa vitatu. Vijingome hivi pana upepo kidogo tu, kwa hiyo ndo mahali pazuri pa kumnywesha mbwa maji ya kwanza.

Kitu kimoja, usipande juu ya Ukuta wala kumrusha mbwa juu kwa ajili ya picha. Najua, picha inatoka kali. Lakini mawe mengi ya juu yamekaa tu hapo na udongo, na hili ni eneo la urithi wa dunia tangu 1987, kuliharibu ni kosa la jinai. Mbwa anayechimba chimba pia mzuie, chini ya nyasi hizo bado kuna vitu havijafukuliwa.

Hatua chache mbele kuna bonde lingine, Sycamore Gap. Ule mti uliokuwa umesimama peke yake bondeni katikati ya vilima viwili, mmoja wa miti iliyopigwa picha zaidi Uingereza, ulikatwa kwa msumeno usiku mmoja Septemba 2023. Wanaume wawili walifungwa 2025, kila mmoja miaka minne na miezi mitatu. Kisiki kipo na kilianza kuchipua 2024. Watu wanasimama hapo kimya kama wako msibani, na mbwa wa kiume naye anaona kisiki, unajua anachowaza. Kamba fupi hapo, tafadhali.

Unapanda tena Highshield Crags na hapa ndo pa kuwa makini kuliko sehemu yote. Njia iko juu ya ziwa la Crag Lough, kushoto kwako ni poromoko na mara nyingi hakuna uzio wala nini. Mbwa akae kulia kwako, upande wa kusini, mpaka mtoke kwenye miti. Kukiwa na ukungu au upepo wa kukusukuma, mimi nashuka nafuata njia ya chini upande wa kusini, sioni aibu. Na ziwani usimpeleke kuogelea. Siku za joto maziwa ya Uingereza yanaota mwani wa bluu-kijani, mbwa akiunywa anaweza kufa ndani ya saa chache.

Mnateremka mpaka shamba la Hotbank. Hapa ni shamba la mtu, mageti yafunge kama ulivyoyakuta, likiwa wazi liache wazi, mkulima ana sababu zake. Kijingome namba 38 kilikuwa hapa, siku hizi utaona matuta tu ya nyasi na ukipita haraka hutajua, lakini jiwe lililopatikana hapo lenye majina ya Hadrian na gavana wake Platorius Nepos ndo lilisaidia kumaliza ubishi wa nani aliyejenga Ukuta, maana kwa karne nyingi watu waliamini ni Septimius Severus. Huyo Severus naye si wa kupuuzwa, ni mtu wa Leptis Magna, Libya ya leo, aliukarabati sana akafia York mwaka 211. Na upande wa magharibi, ngome ya Burgh-by-Sands, walikuwepo wanajeshi Wamoro kutoka Afrika Kaskazini karne ya tatu. Kwa hiyo ukipita na ngozi yako nyeusi na mtu akakutazama kama umepotea njia, mwache tu, sisi tulishawahi kulinda zamu hapa.

Kondoo na ng'ombe, mambo mawili tofauti

Kuanzia Hotbank ndo uwezekano wa kukutana na mifugo uso kwa uso unaongezeka. Kondoo: fupisha kamba, zunguka mbali, usikate katikati ya mama na mtoto, ongea na mbwa wako kwa sauti ya kawaida, mpe kitafunio akikutazama wewe badala ya kondoo. Bosi aliwahi kuruka akanivuta nikakaa chini kwenye matope, kamba sikuiachia, kondoo walikimbia mita kumi wakageuka kutuangalia kama tumetoka kwa wendawazimu. Kiganja kiliungua siku tatu.

Ng'ombe ni kinyume. Ng'ombe mwenye ndama anamwona mbwa ni adui, na wewe uliyemshika ndo uko katikati. Pita mbali, kwa utulivu, usikimbie. Wakianza kuwafuata kwa nguvu, MWACHIE mbwa kamba. Ndio, hapa tu. Mbwa anakimbia kuliko ng'ombe, wewe hukimbii, na wanayemtaka ni yeye. Ukishatoka getini mtaonana. Hata mwongozo rasmi wa mashambani Uingereza unasema hivyo.

Kinyesi unazoa hata kama uko porini na "si kondoo nao wananya". Mbwa anaweza kubeba kimelea kinaitwa Neospora, ng'ombe akila nyasi zenye kinyesi hicho anaweza kutupa mimba. Na ule mfuko usiuning'inize kwenye tawi ukidai utauchukua ukirudi, hakuna anayerudi. Funga mara mbili, begi mfuko wa nje, mpaka kwenye pipa.

Kipande cha mwisho

Juu ya Hotbank Crags geuka nyuma, hapa ndo picha yako, Ukuta, ziwa na majabali kwa pamoja. Kisha Rapishaw Gap, ambapo njia ndefu ya Pennine Way inakata kushoto kwenda Scotland, msiifuate. Cuddy's Crags, halafu kijingome namba 37, kizuri kuliko vyote: tao la lango la kaskazini limebaki mwanzo wake na ukichungulia nje ya lango ni mteremko mkali, hakuna barabara wala njia. Lango la kwenda wapi? Agizo lilisema kila maili lango, wakaweka lango. Urasimu haukuanza jana.

Mnaingia kwenye kijisitu, hapo ndo sehemu pekee kwenye njia nzima inayoruhusiwa kutembea juu ya Ukuta wenyewe, ila ni mwembamba na una kimo, mimi na Bosi tunapita chini.

Mkitoka mitini ni Housesteads. Mbwa wa kamba anakaribishwa, unalipia wewe, wanachama wa National Trust au English Heritage, mashirika ya kutunza urithi, wanaingia bure. Walikaa hapa wanajeshi kama 800, kwa muda mrefu Watungri kutoka Ubelgiji ya leo. Anza na vyoo, kona ya chini kusini mashariki. Sitanii, ndo vyoo vya Kirumi vilivyohifadhika vizuri kuliko vingine Britania, unaona mfereji wa maji chini ya walipokaa wakipiga soga bega kwa bega. Halafu ghala la nafaka lenye vijiguzo chini ya sakafu ili hewa ipite nafaka isioze. Mbwa wote ninaowajua wanaganda hapo wananusa kwenye matundu, sijui wanasikia harufu gani. Nje ya lango la kusini kulikuwa na kijiji, na kwenye nyumba moja wachimbaji wa miaka ya 1930 walikuta mifupa ya watu wawili chini ya sakafu, mmoja na ncha ya kisu bado mbavuni.

Kurudi una njia mbili, ushuke mpaka barabarani ungoje AD122 ikurudishe Once Brewed, au urudi kwa miguu. Upepo wa huku kwa kawaida unatoka magharibi, ulikusukuma wakati wa kuja, sasa utakupiga usoni, kwa hiyo usiamue kwa jinsi ulivyojisikia saa mbili zilizopita. Mtazame mbwa: akianza kubaki nyuma, kukaa mwenyewe, au kulamba unyayo, panda basi. Safari nzima kwenda na kurudi na kula na kupiga picha tenga saa tano. Mtandao wa simu huko juu usiutegemee, pakua ramani mapema, na mtu akivunjika mguu piga 999, omba polisi halafu waambie unahitaji waokoaji wa milimani.

Mkifika kwenye gari, kabla ya chai, mkague. Vidole na kati ya vidole, kwapani, ndani ya masikio, shingoni chini ya kola, tumboni. Kupe wa huku wanaambukiza ugonjwa wa Lyme, mbwa na mtu pia, kwa hiyo na wewe jikague nyuma ya magoti. Kile kidude cha plastiki unakiingiza chini ya kupe karibu kabisa na ngozi, unazungusha taratibu anatoka mzima. Usimpake mafuta wala usimchome na kiberiti, anatapika ndani ya jeraha. Rudia tena kesho yake asubuhi, maana mimi kila nikisema leo hamna, asubuhi namkuta mmoja amejificha kope la jicho la Bosi amenenepa kama punje ya kunde.